Maswali ya Wasomaji: Kindle ya Mtumba na Kobo Iliyozeeka

Nimeletewa Kindle Paperwhite ya mwaka 2018 kutoka Uingereza. Nina vitabu vingi vya EPUB kwenye kompyuta, lakini nikiviweka kwa waya havionekani. Nasikia inaweza kufunguliwa ikawekewa programu nyingine. Naanzia wapi? (Msomaji, Morogoro)

Kindle yenyewe haisomi mafaili ya EPUB yaliyowekwa kwa waya, lakini ikifunguliwa inaweza kuwekewa KOReader, programu ya kusomea inayoyafungua. Anza kwa kuwasha hali ya ndegeni, kabla hata hujagusa kompyuta. Kindle yenye Wi-Fi hujisasisha yenyewe bila kuuliza, na sasisho moja linaweza kuziba tundu tunalotaka kupitia. Kisha ingia kwenye mipangilio usome namba ya toleo la programu yake. Namba hiyo ndiyo huamua njia utakayotumia. Mwaka wa kifaa peke yake hautoshi.

Kwa Kindle ya umri huo yenye toleo lililo chini ya 5.18.1, tumia WinterBreak, programu ya kufungua Kindle iliyotoka Januari 2025. Hupitia duka la vitabu lililomo ndani ya Kindle, kwa hiyo lazima kifaa kiwe kimesajiliwa kwenye akaunti ya Amazon. Kama bado kina jina la mwenyewe wa kwanza, mwombe akiondoe kwenye akaunti yake. Anaweza kufanya hivyo akiwa huko huko Uingereza. Kisha kisajili kwa jina lako, urudishe hali ya ndegeni mara moja na kuisoma tena ile namba.

Chomeka waya wa USB, fungua kifurushi cha WinterBreak na unakili vyote vilivyomo. Viweke pale inapoonekana folda ya documents, si ndani yake. Hapa ndipo wengi hukwama: folda mojawapo, .active_content_sandbox, huanza na nukta, na kompyuta nyingi huificha. Iamuru kompyuta ionyeshe mafaili yaliyofichwa kwanza. Usipofanya hivyo utanakili nusu tu, duka litafunguka kama kawaida, nawe utabaki unajiuliza.

Chomoa waya, zima Kindle na uiwashe tena. Gusa alama ya duka. Ikiomba kuondoa hali ya ndegeni, ikubalie. Badala ya duka utaona ukurasa wenye WinterBreak. Iguse na usubiri kama nusu dakika hadi maandishi yatokee kwenye skrini, kisha rudisha hali ya ndegeni papo hapo.

Bado hujamaliza. Nakili Update_hotfix_universal.bin (hotfix, faili la kuufanya ufunguzi udumu) mahali pale pale, chomoa waya, na uchague Update Your Kindle kwenye mipangilio. Kifaa kikiwaka tena, maktaba itakuwa na kitu kipya kiitwacho Run Hotfix, kiguse. Baada ya hapo weka folda za extensions na mrpackages zenye MRPI (kisakinishi cha programu) na KUAL (menyu ya kuzifungulia), kisha andika ;log mrpi kwenye sehemu ya kutafutia. Ukiletewa matokeo ya utafutaji tu, ujue hotfix haikufanya kazi, irudie.

Kabla hujarudisha Wi-Fi, weka kiongezi cha Rename OTA Binaries, kiendeshe kutoka KUAL na uwashe kifaa upya. Hicho ndicho kinachozuia masasisho. Wapo wanaoruka hatua hii kwa haraka ya kusoma, na kwa maoni yetu ndiyo iliyo muhimu kuliko zote.

KUAL imeingia vizuri, toleo langu ni 5.17.1. Nikigusa KOReader, skrini inameta halafu narudi kwenye maktaba. (Msomaji, Nakuru)

Bila shaka umechukua kifurushi kisicho chako. KOReader ya Kindle hutolewa kwa namna kadhaa. Kindlepw2 ni ya Paperwhite ya pili na zilizofuata, mradi toleo lisizidi 5.16.2.1.1. Kuanzia 5.16.3 Amazon ilibadili namna programu zinavyopitisha namba za desimali kwenye prosesa, na programu zilizojengwa kwa mtindo wa zamani hazifunguki. Wewe unahitaji kindlehf. Futa folda ya koreader yote kwanza. Ukiweka mpya juu ya ya zamani, mafaili ya aina mbili yatachanganyika.

Nikifungua Kindle, vitabu nilivyonunua Amazon vitasomeka kwenye KOReader? (Msomaji, Zanzibar)

Hapana. Kufungua kifaa hakuondoi kufuli lililomo ndani ya kitabu. Vitabu hivyo utaendelea kuvisoma kwa programu ya Kindle yenyewe, ambayo inabaki pale pale.

Kobo Glo yangu imekuwa nzito na mara nyingine haiwaki. Fundi anasema bodi imekufa. (Msomaji, Mombasa)

Usikubali haraka. Kobo, visomea-vitabu vya kielektroniki kama Kindle, zile za zamani kama Touch, Mini na Glo, huhifadhi mfumo mzima kwenye kadi ya microSD iliyochomekwa kwenye bodi, ndani ya kifaa, na kadi hizo huchoka. Ya Glo ni ya GB 2. Bandua kifuniko cha nyuma taratibu kwa kipande chembamba cha plastiki, usitumie bisibisi ya chuma karibu na betri. Betri ikiwa imevimba, ishia hapo umpelekee fundi.

Itoe kadi, uisome kwenye kompyuta kwa Win32 Disk Imager (Windows) au amri ya dd (Linux na Mac), na utengeneze nakala ya kadi nzima. Kunakili mafaili peke yake hakufai: namba ya kifaa na data za kuendesha skrini zimeandikwa nje ya migawanyo (sehemu ambazo kadi imegawanywa), mahali ambapo kompyuta haionyeshi faili lolote. Andika nakala hiyo kwenye kadi mpya ya GB 8 hadi 32 ya chapa inayoaminika.

Kobo ikiwaka, itakuonyesha nafasi ile ile ya zamani. Irudishe kadi kwenye kompyuta, tumia GParted kupanua mgawanyo wa tatu, ule wa FAT32, na usiguse miwili ya mwanzo. Jina lake libaki KOBOeReader. Kadi ya zamani iweke kando bila kuifuta hadi mpya iwe imefanya kazi wiki kadhaa.

Ukitaka KOReader, Kobo haihitaji kuvunjwa kufuli lolote: faili la KoboRoot.tgz la NickelMenu, programu inayoongeza menyu kwenye Kobo, huwekwa ndani ya folda ya .kobo, ukichomoa waya kifaa kinaisakinisha chenyewe. KOReader nayo hukaa kwenye .adds/koreader. Wenye Mac waangalie Safari isiifungue hiyo tgz wakati wa kuipakua, kwa sababu Kobo hutafuta faili lenye jina hilo hilo, likiwa bado limefungwa.