Jina lako halikutoka Nyeri

Mwanangu Amedeo,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema uliingia lile kanisa la kumbukumbu la Waitaliano huko Nyeri, ukakuta jina lako kwenye kaburi la Amedeo, mtemi wa Aosta, na sasa unauliza kama tulikupa jina la mkoloni.

Hapana, baba. Yule alitawala Ethiopia kwa niaba ya Italia, akasalimu amri kwenye mlima Amba Alagi huko huko Ethiopia Mei 1941, akafia Nairobi mikononi mwa Waingereza Machi 1942. Mimi habari zake nilizijua wewe ukiwa tayari unasoma shule ya msingi.

Wa kwako ni Amedeo Avogadro wa Torino. Alianza na sheria za Kanisa, kisha akahamia sayansi. Mwaka 1811 akaandika kwamba gesi zozote zenye ujazo sawa, zikiwa kwenye joto na kanieneo ile ile, zina idadi sawa ya chembe. Wakubwa wa kemia wengi hawakumjali. Alifariki 1856. Miaka minne baadaye, kwenye mkutano wa wanakemia huko Karlsruhe, Ujerumani, Mwitaliano mwenzake Cannizzaro ndiye aliyelifufua wazo lake. Kila nilipoandika ubaoni namba yenye jina lake, 6.022 × 10²³, yaani idadi ya chembe kwenye moli moja, kipimo cha kiasi cha kitu katika kemia, kidato cha tatu waliguna kwa ukubwa wa namba. Mimi nilimfikiria huyo mzee, aliyekufa kabla hajaambiwa kwamba alikuwa sahihi.

Mama yako hakutaka kusikia habari za moli. Yeye alipenda maana: kwa Kilatini amare ni kupenda, Deus ni Mungu. Kwa Kigiriki jina hilo ni Theofilo, yule yule anayeandikiwa na Luka mwanzoni mwa Injili yake. Hata Mozart, mtunzi wa muziki, alibatizwa Theophilus, hilo Amadeus likaja baadaye. Bibi yako naye alilikubali kwa sababu moja tu: kila silabi inaishia na irabu, A-me-de-o, akalitamka siku ya kwanza bila kujikwaa. Jina la baba yako mdogo, Krisostomu, lilimshinda mpaka anaingia kaburini.

Wanaokuita Deo wakidhani wewe ni Deogratias, waache. Mjini hapa utawasahihisha wangapi?

Jambo moja sikuwahi kukwambia. Aliyejaza cheti chako cha ubatizo aliandika Amadeo, kwa a, na hivyo ndivyo Wahispania wanavyoliandika. Wao waliwahi kuwa na mfalme wa jina hilo, naye, kama yule wa Nyeri, wa ukoo wa kifalme wa Savoy wa huko huko Torino. Walimchagua 1870, na Februari 1873 akaachia kiti mwenyewe, akarudi kwao. Kwa hiyo serikalini wewe ni Mwitaliano, kanisani ni Mhispania. Cheti kiko kwenye sanduku la mama yako. Ukija Krismasi tutakipeleka kikarekebishwe, ingawa mama yako mwenyewe anasema tukiache kilivyo.

Baba yako