Unalala usiku kucha na bado umechoka? Kapimwe pumzi

Pole sana, ndugu yangu. Unasema unalala mapema na bado unaamka hoi, na mkeo anasema unakoroma, unanyamaza ghafla, kisha unashtuka ukitweta. Hicho kimya ndicho kinachonitia wasiwasi. Huenda ni apnea ya usingizi: koo linajifunga, pumzi inakatika sekunde 10 au zaidi, ubongo unakuzindua upumue, na asubuhi hukumbuki lolote.

Kwa kuwa unaendesha matatu ya Kisumu hadi Busia, tafadhali safari za alfajiri mwachie mwenzako kwanza. Kusinzia kwenye usukani kunaua.

Mkeo akurekodi kwa simu usiku, nawe uende na video hiyo hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga pale Kisumu, umwone daktari wa masikio, pua na koo. Omba wapime pia presha, sukari, damu na tezi ya thairoidi, maana uchovu una vyanzo vingi. Wakikutuma kwenye kipimo cha usingizi, yaani kufuatilia pumzi yako ukiwa umelala, usikwepe.

Kwa sasa lalia ubavu, acha pombe ya jioni, na usijinunulie vidonge vya usingizi. Vinaweza kulegeza koo zaidi.