Maswali ya Wasomaji: Mama haoni, gonjwa likija tumfungie ndani?

SWALI: Shikamoo anti. Mama yangu haoni kabisa, anatembelea fimbo nyeupe. Kipindi cha korona 2020 kaka zangu walimfungia ndani, hata barazani hatoki. Sasa tukisikia tu ugonjwa wa mlipuko wanataka kumfungia tena na mama mwenyewe hataki. Tufanyeje?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Msimfungie jamani! Nyie mnatoka sokoni, mnapanda daladala, afu mnakuja kumshika mkono hamjanawa, si ugonjwa ataupatia humohumo ndani? Anayemhudumia ndo anawe kwanza, na akianza homa au kikohozi ampishe mwingine, kwa hiyo lazima awepo mtu wa pili aliyezoea, anayejua dawa za mama ziko wapi na anapenda kuongozwaje. Huyo mtafuteni sasa hivi kukiwa shwari.

Alafu kuna hili wengi hawalifikirii: watu wanaambiwa wakohoe kwenye kiwiko, na asiyeona akiongozwa anashika hapohapo kwenye kiwiko! Mama ashike bega. Fimbo akirudi nayo ioshwe kwa sabuni, mpini hasa. Na ndoo ya kunawia msiihamishehamishe, akishajua iko kulia mwa mlango ibaki hapo na sabuni yake, maana ikisogezwa kidogo tu anaanza kupapasa ukuta mzima.

Huko nje ndo inaniuma zaidi. Ndoo zinapandishwa juu ya meza, mwenye wilichea hafikii koki, na yeye ndo mikono yake inashika magurudumu kutwa nzima. Viziwi nao, nesi akivaa barakoa hawaoni mdomo, basi amwandikie kwenye simu au karatasi, inachukua dakika ngapi?

Na haki hii ipo kisheria. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, ibara ya 11 inataka walindwe kwenye majanga, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu tunayo tangu 2010. Kwa hiyo mtaani wakibandika mabango tu nenda kwa mwenyekiti, mwambie tangazo lipite na kwa spika, mama yako bango halimsaidii.

Leo jioni kaeni na mama, kaka zako wawepo, aseme mwenyewe nani amsaidie kwanza na nani akae wa akiba, na muandike namba zao.