Korongo juu ya bomba, na barua iliyolifukia

Mwaka 2014 nilikuwa kibarua kwenye ujenzi wa bomba la gesi, upande huu wa kwetu kati ya Mtwara na Mingoyo. Nilibeba mifuko ya mchanga na kushika kamba, basi. Lakini kibarua naye ana macho. Vipande vya bomba vikishaunganishwa, alikuja fundi mmoja na mashine ya betri begani, mkononi ameshika springi kubwa iliyolizunguka bomba zima, anaiburuta taratibu kama mtoto anayeendesha tairi. Ikipita penye tundu kwenye ile ngozi ya plastiki, hata tundu la ncha ya sindano, inalia "ta!" na cheche inaruka. Hapo kazi inasimama. Wanazungushia chaki, wanakwangua, wanapaka upya, springi inapita tena.

Sisi tulicheka. Bomba la inchi 36, mtoto wa miaka miwili anasimama wima ndani yake, halafu watu wazima wanahangaika na tundu la sindano! Msimamizi wetu hakucheka. Akasema, "Hapo ndipo kutu inapoingilia. Tukishafukia, hakuna atakayeliona tena."

Neno hilo nilikuja kulielewa miaka kumi baadaye, nikiwa nimesimama na gambuti kwenye tope.

Bomba lilizinduliwa Oktoba 2015. Linachukua gesi kiwanda cha Madimba, linapita Lindi, pale Somanga linakutana na tawi la Songo Songo, kisha linakwenda Kinyerezi, Dar es Salaam, penye mitambo ya umeme. Kijijini kwetu wengi bado wanaliita "bomba la Dar". Anayekumbuka ghasia za Mtwara za 2013, watu wakipinga bomba hili kupeleka gesi Dar, hatashangaa. Ile hasira haikwisha, ilikaa chini tu, na matokeo yake ni kwamba mtu anaona nguzo ya alama imeanguka, anairuka, anaendelea na safari. Kwenye mkutano wa kijiji mzee mmoja alisema waziwazi, "La Dar hilo, waacheni Dar waje walitazame." Nilimjibu kwa heshima zote: babu, likipasuka hapa, Dar watakatikiwa umeme, sisi tutapata moto.

Sasa korongo. Januari 2024 mvua ilinyesha siku nne mfululizo. Nilipokwenda kuangalia mikorosho yangu inayopakana na mkuza, ile njia iliyoachwa wazi juu ya bomba, nikakuta maji yamejichimbia njia, yameukata mkuza kutoka upande mmoja hadi mwingine. Udongo mwekundu, kingo bado zinadondoka, kina chake magotini. Nikampigia kijana wa doria ninayefahamiana naye. "Nimekusikia kaka, nitafikisha." Nikalala usingizi mzuri.

Machi likafika mapajani. Nikaenda kwenye ofisi moja, siitaji, nikaeleza kwa mdomo. Wakaniuliza ni wapi hasa. Nikasema, ukishapita kwa marehemu mzee, kuna mwembe, ingia kushoto. Kijana wa mapokezi akaandika kwenye kipande cha karatasi ya daftari, akakiweka chini ya kikombe cha chai. Nina hakika kikombe kile kilijua habari za korongo langu kuliko mtu yeyote mle ofisini. Na simlaumu sana. Mwembe! Wilaya nzima hii ni miembe.

Aliyenifungua macho ni mjomba wangu, karani mstaafu wa chama cha msingi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Mjomba, korosho zako unazipeleka ghalani bila stakabadhi?" Nikasema hapana. "Sasa mbona korongo umelipeleka bila stakabadhi?"

Jioni ile tukarudi kwenye mkuza na kijiti nilichokitia alama kila sentimita kumi. Tukapima kina, tukapima upana. Tukapigilia vigingi viwili kila ukingo ili tujue kesho maji yamekula kiasi gani. Tukapiga picha jembe likiwa limesimamishwa ndani ya korongo, maana picha ya korongo peke yake haisemi kitu: linaweza kuwa mfereji wa bata au bonde la mto. Kisha tukatafuta nguzo ya alama iliyo karibu, tukanakili namba yake, tukahesabu hatua kutoka hapo. Hiyo namba ndiyo anwani ya bomba. Ukiitaja, mhandisi aliyeko Dar anajua uko wapi kuliko jirani yako.

Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja. Sehemu iliyofanya kazi ni hii: "Korongo limeanza kuonekana Januari 2024, hatua 140 kaskazini mwa nguzo namba (tukaijaza). Leo kina chake ni sentimita 90. Tarehe fulani kilikuwa sentimita 70. Tunaomba eneo likaguliwe na tujibiwe kwa maandishi." Hakuna matusi, hakuna "serikali imetutelekeza", ingawa nilitaka sana kuliweka hilo na mjomba akalifuta. Ilipitia kwa mtendaji wa kijiji, ikagongwa muhuri, ikaenda kwa mwendeshaji wa bomba. Nakala kwa mtendaji kata, ofisi ya mkuu wa wilaya na EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Nakala yangu mwenyewe nikaigongesha muhuri wa kupokelewa na kuandikiwa tarehe. Usione haya kusimama masjala hadi wakugongee. Kama wana kitabu cha dispachi, chungulia uone imeingizwa.

Ile mistari ya "Nakala kwa" chini ya barua ndiyo yenye meno. Ofisi inayojua kwamba wenzake watatu wameona karatasi hiyohiyo haiwezi kuiweka chini ya kikombe.

Wakaja. Magari mawili, watu wa buti na kofia ngumu, na chombo cha kusikilizia bomba lilipo chini ya ardhi. Wakapima udongo uliobaki juu yake, wakachomeka vijiti vya rangi, wakaniita nionyeshe vigingi vyangu. Baadaye wakaleta mawe ya kufunga kwenye wavu wa chuma, mifuko ya mchanga, na wakachimba mfereji wa kuyapeleka maji pembeni. Kwa nini korongo ni jambo zito? Udongo ndio blanketi la bomba. Maji yakiuondoa, mawe yanaigusa ile ngozi, na sehemu ya bomba inaweza kubaki inaning'inia bila kitu chini, ikibeba uzito wake yenyewe. Aliyeiona barabara ya Kilwa ilivyokatika pale Somanga baada ya kimbunga Hidaya, Mei 2024, hahitaji kuelezwa maji yanaweza kufanya nini.

Wengi hawajui wapeleke wapi, kwa hiyo niseme kidogo, maana kila taasisi ina eneo lake. Kwa Sheria ya Petroli ya mwaka 2015, visima vya gesi, kama vile vya Mnazi Bay, vinasimamiwa na PURA, mamlaka ya utafutaji na uchimbaji wa mafuta na gesi. Gesi ikishafika kwenye kuchakatwa, kusafirishwa na kusambazwa, msimamizi ni EWURA, ndiye anayetoa leseni na kukagua. Bomba lenyewe linaendeshwa na GASCO, kampuni tanzu ya TPDC, shirika la mafuta la taifa. Usalama wa wafanyakazi ni OSHA, mazingira ni NEMC. Anza na mwendeshaji. Asipokujibu, nenda kwa EWURA ukiwa na nakala yenye muhuri, kwa sababu swali la kwanza utakaloulizwa ni kama mwendeshaji amepewa taarifa, na lini.

Kuna watu wanadhani ukaguzi wa serikali ni mtu kuja kupiga bomba kwa nyundo na kusikiliza. Sehemu kubwa ni karatasi. Mkaguzi anafungua kumbukumbu: doria ilipita lini, kifaa cha kusafisha na kupima ndani ya bomba kilitumwa lini na kikaona nini, ule umeme mdogo wa kuzuia kutu ulisoma ngapi, taarifa za wananchi zilikuja ngapi na zikafanyiwa nini. Korongo ambalo halikuandikwa, kwake halipo.

Na karatasi mbovu inaua. San Bruno, California, Septemba 2010, bomba la gesi lililowekwa 1956 lilipasuka katikati ya makazi, watu 8 wakafa, nyumba 38 zikateketea. Wachunguzi walikuta kumbukumbu za kampuni zinasema kipande kile hakina mshono wa kuchomelea, kumbe kilikuwa nao, tena mbovu. Kampuni, PG&E, ikaja kuadhibiwa dola bilioni 1.6 mwaka 2015. Na wachunguzi hawakuwaacha wasimamizi wa serikali: nao walilaumiwa kwa kutougundua udhaifu ule mapema. Wenzetu wana sheria nene na mahakama kali, na bado ilitokea. Sembuse sisi tunaopeleka taarifa kwa kuelekeza kwenye mwembe.

Sasa upande wetu, maana sheria ina makali mawili na mimi mwenyewe lilinikata moja. Mikorosho yangu sita ilikuwa imeingia ndani ya mkuza. Niliipanda baada ya fidia kulipwa, nikijidanganya kwamba miche haina madhara. Ikafyekwa, na sikupata hata senti. Niliumia, sitaficha, ilikuwa imeanza kuzaa. Lakini mzizi wa mkorosho hauombi ruhusa, na mti ukikua unamficha mtu wa doria asione chini. Kama umeshapanda, usisubiri wakukute. Nenda kaulize mpaka unaishia wapi hasa, usipime kwa macho.

Moto wa kuandaa shamba tunaujua sote, hauna adabu. Mimi sasa nafyeka barabara ya moto upande wa mkuza kabla sijawasha hata kijiti. Tanuri la mkaa au la matofali karibu na mkuza, hapana kabisa.

Ming'oko, ile mizizi ya porini tunayochimba na kula, ndiyo ngumu zaidi. Kina mama wa kwetu huifuata popote ilipo, na wakati wa njaa mkuza uliofyekwa unaonekana kama shamba la Mungu. Shangazi yangu nilimkuta ameshuka hadi kiunoni kwenye shimo, anakwangua kwa chombo kirefu cha kuchimbia, anaimba. Nikamwambia shangazi, chini yako kuna gesi. Akanijibu, "Na juu yangu kuna wajukuu wanne." Sikuwa na la kusema pale. Tulichofanya ni kulipeleka kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria unatakiwa kukaa angalau kila miezi mitatu, tukakubaliana eneo jingine la msitu wa kijiji litengwe kwa wachimbaji wa ming'oko. Likaingia kwenye muhtasari. Kumwambia mtu "usichimbe" bila kumwonyesha pa kuchimba ni kupoteza mate.

Wanaong'oa nguzo za alama na kukata nyaya za vile visanduku vya kupimia kutu ili wakauze chuma chakavu, hao sina huruma nao. Kilo mbili za chuma, na umelipofusha bomba zima. Vivyo hivyo ukiona mashine inachimba mtaro wa maji au wa nyaya kukatiza mkuza, na hakuna mtu wa bomba amesimama pale, piga simu dakika hiyohiyo. Ghislenghien, Ubelgiji, Julai 2004, watu 24 walikufa kwa bomba la gesi lililokuwa limejeruhiwa kabla na mitambo ya ujenzi. Jeraha lilikaa kimya, kisha likapasuka.

Kuhusu kuvuja. Gesi asilia yenyewe haina harufu, ile harufu tunayoijua huongezwa, kwa hiyo usisubiri pua. Sikiliza mlio wa kufoka. Tazama vumbi linalorushwa bila upepo, mapovu kwenye dimbwi, au kipande cha majani yaliyokauka katikati ya majani mabichi. Ukiona hivyo, usiwashe pikipiki, isukume. Usitoe simu pale. Ondoka ukielekea upepo unakotoka, nenda mbali, ndipo upige namba iliyo kwenye bango la bomba, na mwambie mwenyekiti awazuie watu. Kazi kubwa ni hiyo ya mwisho, maana sisi tukisikia kishindo tunakimbilia huko. Sinai, Nairobi, Septemba 2011, na Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, ilikuwa petroli, si gesi, na watu walikufa wakiwa wameifuata na ndoo na madumu. Gesi haichoteki. Hakuna cha kufuata pale.

Namba ya bango iandike leo kwenye simu yako, na nyingine iandike kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni, simu zetu zinazima chaji.

Jibu la barua yangu lilikuja Juni, aya tatu, limepigwa muhuri. Nimelitia kwenye mfuko wa nailoni pamoja na stakabadhi za korosho. Wiki iliyopita nilipita pale na kijiti changu. Mawe yamekaa, majani yameota katikati ya wavu, ila upande wa chini, mfereji mpya unapomwagia maji, pameanza kulika. Sentimita kumi na mbili. Nimepiga picha na jembe, na mjomba ameshaanza kutafuta kalamu.