Pikipiki iliyolala muda mrefu: acheni kiki kwanza

Maswali mliyonitumia safari hii karibu yote ni ya pikipiki zilizokaa. Kuna za uani, za stoo, za chini ya mwembe, kuna mtu kanunua ya jirani yake kisa bei ndogo. Nimeyasoma yote na nimekuta lile lile ninalolipigia kelele kila siku, kila mtu anataka kujua itawakaje, aliyeuliza breki ni mmoja tu, dada wa Pongwe, Mungu ambariki. Pikipiki isiyowaka haiui mtu. Inayowaka halafu haisimami ndo inayopeleka watu hospitali ya Bombo hapa Tanga wakiwa wamebebwa. Haya twende.

"Pikipiki yangu haiwaki, tatizo nini?" (Wengi, kutoka Ngamiani mpaka Duga)

Sijui. Niambie ni pikipiki gani, imekaa muda gani, iliwekwa ikiwa nzima au ilikufa yenyewe, na moto kwenye plagi upo au haupo. Nshasema sana hili, swali lisilo na hayo manne sitalijibu tena.

"Nina ya Mchina yenye injini ya CG, ule muundo wa Honda, imekaa uani kwetu Sahare kama miaka miwili imefunikwa turubai. Napiga kiki mpaka jasho linanitoka, inakohoa mara moja halafu kimya. Fundi kasema ninunue kabureta mpya. Ninunue?"

Usinunue bado, na kiki iache leo hii. Miaka miwili oili yote imeshashuka chini, silinda imekauka, na wewe kila ukipiga kiki ringi za pistoni zinasugua chuma kwa chuma na pengine kuna kutu kidogo humo ndani. Toa plagi, mimina oili kijiko kimoja au viwili kwenye tundu lake, iache ilale hivyo mpaka kesho, halafu ndo uizungushe taratibu kwa mkono au kwa kiki bila plagi. Oili ya chini nayo mwaga yote uweke mpya, hiyo ya zamani imeshanyonya unyevu, na kwenye CG fungua na lile chujio la waya ulioshe maana injini hii haina filta ya karatasi.

Sasa kukohoa. Kukohoa mara moja ni habari njema, maana yake moto upo, ila mafuta hayafiki inavyotakiwa. Petroli si kitu cha kuweka, ndani ya miezi michache tu ile sehemu nyepesi inaruka na inayobaki inageuka gundi. Fungua lile bakuli la chini ya kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, utaiona mwenyewe, rangi ya chai iliyokolea, inanuka kama vanishi, pembeni kuna unga wa kijani umeganda. Humo ndani kuna jeti mbili, vile vijitundu vya kupitisha mafuta, na ile ndogo ndo ya sailensa, yaani injini kunguruma taratibu bila kuvutwa mafuta, tundu lake ni jembamba kuliko sindano ya kushonea. Ikiziba hiyo, pikipiki itakohoa na kuzima hata ukipiga kiki mpaka Idd. Ifungue kwa bisibisi inayoenea sawasawa, iloweke kwenye dawa ya kusafishia kabureta, ipulize kwa kompresa, halafu iinue juani uchungulie. Unatakiwa uone mwanga duara kamili, ukiona nusu bado haijaisha. Na nakuomba usitie waya, wala uzi wa waya wa klachi, wala pini. Jeti ni shaba laini, ukikwangua tundu linapanuka na hutaipata sailensa tena maisha yako yote, hapo ndo utanunua kabureta kweli.

Wakati umeifungua angalia floti, kile kiboya cha ndani ya bakuli, isiwe imejaa mafuta ndani, angalia ule mpira wa kutoka tangini kama umepasuka, na filta ya hewa kama panya hawajajenga. Ukimaliza rekebisha nafasi ya valvu, CG ni 0.08 milimita zote mbili injini ikiwa baridi. Injini hii Honda walipoitoa mwaka 1976 waliweka fito za kusukuma valvu badala ya cheni ya taiming, na inavumilia mateso kuliko nyingi zilizokuja baadaye, kwa hiyo usiikatie tamaa. Na ukitaka kuona moto wa plagi, igusishe kwenye chuma mbali na tundu la silinda, mvuke wa petroli unatoka pale na cheche moja inatosha kukuunguza uso.

Huyo fundi wako mwambie afungue kwanza. Fundi anayetaja kifaa kipya kabla hajafungua cha zamani anakisia kwa hela yako.

Halafu ondoa turubai. Kwetu huku upepo wa bahari unaingia chini yake na chumvi yake, unyevu hauna pa kutokea, pikipiki inaoza kwa ndani huku nje unaona imefunikwa vizuri. Chini ya paa penye upepo unaopita ni bora mara nyingi.

"Kiki haishuki kabisa, imegoma. Rafiki yangu anasema tuivute na gari ikiwa kwenye gia itaachia. Ni kweli?"

Itaachia au itavunja kitu, na mara nyingi inavunja. Toa plagi, mimina dizeli iliyochanganywa na oili, iache siku mbili tatu, kila siku ongeza kidogo. Halafu weka gia ya juu kabisa, sukuma pikipiki mbele na nyuma kwa mkono, kidogo kidogo, usilazimishe. Ikisogea hata kwa upana wa kidole umeshinda, endelea hivyo hivyo. Ikigoma wiki nzima, fungua silinda.

"Mimi nabeba samaki kutoka soko la Deep Sea. Niliipaki mwaka jana nilipoumwa, sasa nataka kuirudisha kazini. Ina kutu nyuma, spoku na foku. Nikipiga msasa na rangi si inatosha?"

Pole kwa kuumwa kaka, ila hapana, haitoshi, na swali lako limenitia wasiwasi kuliko yote ya leo.

Maji yanayotoka kwenye sanduku lako ni barafu, damu na chumvi. Yanadondoka sehemu zile zile kila siku, kwenye spoku za nyuma, kwenye cheni, na kwenye ile foku ya nyuma inayoshika tairi. Foku hiyo ni bomba, kwa hiyo kutu inakula kwa ndani na wewe unaona madoa tu kwa juu. Kabla hujanunua hata msasa, lala chini ya pikipiki na bisibisi ya bapa ugonge na kuchokoa sehemu ya chini ya foku, hasa inapofungwa shokapu na pale penye maungio ya kuchomelea. Chuma kizima kinalia na bisibisi inateleza, kilichooza kinatoa sauti ya kufa, kinabonyea na kumwaga maganda. Ikizama, foku hiyo haina dawa, wala usikubali wakubandikie kipande, tafuta nyingine. Wewe unabeba mzigo mzito, ikikatika uko mwendo wa Pangani huko hutapata nafasi ya kujuta.

Spoku zipigepige moja moja kwa spana ndogo, zinazolia sawa ni nzima, inayolia mbovu imelegea au imeliwa pale shingoni. Zikiwa mbovu nyingi, funga seti mpya, usichanganye. Cheni yenye viungo vilivyoganda itupe, na ukibadilisha cheni badilisha na sproketi zote mbili, maana meno yaliyoisha yanamaliza cheni mpya upesi sana.

Rangi ni ya mwisho kabisa. Ninaichukia hii tabia ya rangi kwanza, inaficha ufa na ndo inayowasaidia wauzaji kuwauzia watu mbuzi kwenye gunia. Ukienda kununua pikipiki ya zamani na foku inang'aa rangi mbichi wakati tangi limechakaa, waulize wamefunika nini.

Ukirudi kazini, toboa sanduku sehemu moja tu, funga mpira mrefu unaopeleka maji chini nyuma ya tairi, na jioni mwagia maji baridi ya bomba sehemu yote ya nyuma, ikikauka paka cheni oili. Fanya kila jioni.

"Oili ya gari naweza kuweka?"

Hapana. Klachi ya pikipiki inaogelea humo humo kwenye oili, na oili nyingi za gari za siku hizi zina vilainishi vinavyofanya klachi iteleze. Tafuta kopo lililoandikwa JASO MA, ndo alama ya oili ya pikipiki.

"Tangi lina kutu ndani. Wengine wananiambia nitie mchanga na petroli nitikise, wengine nilipeleke likachomelewe chini linapovuja."

Mchanga hautoki wote, utabaki kwenye kona na kuteremka kwenye kabureta mwezi mzima. Toa koki, ziba tundu vizuri, jaza siki nyeupe mpaka juu, acha siku moja au mbili. Tia na nati kadhaa utikise, zihesabu wakati wa kutia na wakati wa kutoa. Siki isidondokee nje inakula rangi. Ukimwaga, suuza na maji yenye magadi soda ili kuua ile asidi, suuza tena na maji matupu, anika juani likauke haraka, na papo hapo mwagia oili kidogo ulizungushe, ukichelewa kutu inarudi siku hiyo hiyo. Weka na filta ndogo kwenye mpira wa mafuta.

Kuhusu kuchomelea, sikiliza vizuri. Tangi tupu ndo baya zaidi, limejaa mvuke wa petroli na linalipuka. Fundi anayekwambia "limekauka hili" akakaribia na moto, ondoka hapo na tangi lako. Linalovuja sana nunua jingine.

"Baba alifariki akaacha pikipiki ya Boxer, kadi ina jina lake. Kaka yangu anataka kuiuza kwa kuandikishana tu kwa mjumbe. Ipo sawa?"

Poleni sana. Haipo sawa. Karatasi ya mjumbe haibadilishi jina kwenye kadi. Nendeni Mahakama ya Mwanzo mkafungue mirathi, ateuliwe msimamizi, huyo ndo mwenye haki ya kusaini, na barua yake mnaenda nayo TRA, mamlaka ya mapato, kuhamisha umiliki. Inachosha najua, ila pikipiki ikigonga mtu anayetafutwa kwanza ni mwenye jina, na jina ni la marehemu baba yenu.

Anayenunua naye asome namba za chasisi na za injini kwenye chuma chenyewe, azilinganishe na kadi herufi kwa herufi, injini nyingi zimebadilishwa kienyeji na kadi bado ina namba ya zamani. Aangalie na madeni ya faini za barabarani kwa namba ya pikipiki. Ile leseni ya kila mwaka ilifutwa 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta kwa hiyo asitishwe na mtu anayedai ada za miaka hii. Ila bima ni lazima hata kama ni bima ndogo, na stika aihakiki kwenye mfumo wa TIRA, wasimamizi wa bima, za bandia zipo. Akitaka ibebe abiria, LATRA, wasimamizi wa usafiri wa ardhini, ni habari nyingine na leseni nyingine.

"Nimenunua pikipiki iliyokaa, ya kwendea shule ninayofundisha nje ya Pongwe. Inawaka vizuri. Breki ya mbele nikibana mkono unabaki hapo hapo haurudi. Fundi kasema ya mbele haina kazi, ataifungua aitoe."

Asante dada, hili ndo swali. Na huyo fundi asiguse tena pikipiki yako.

Breki ya mbele ndo inayokusimamisha. Ukibana breki uzito wote unakimbilia mbele, tairi la nyuma linabaki jepesi, ukitegemea la nyuma peke yake litateleza tu, na kwenye vumbi au mvua ya vuli hutasimama. Nakutana nazo barabarani kila siku, mkono wa breki ya mbele umening'inia bila waya, na mwenye nayo kapakia mama na mtoto.

Mkono kutorudi ni moja kati ya mawili. Ama waya umeota kutu ndani ya mfuko wake, ama ile shafti ndogo inayofungua breki shuu imeganda. Chomoa waya kule chini kwenye tairi, uvute peke yake, ukiwa mzito nunua mpya, usihangaike kuutia oili. Ukiwa mwepesi, basi toa tairi. Ile shafti itoe, isugue kutu kwa msasa, paka grisi kiasi cha kufunika tu, ikizidi itaingia kwenye breki. Springi zilizolegea badilisha.

Halafu angalia breki shuu zenyewe hata kama zinaonekana nene. Lainingi, ile tabaka inayosugua, imegandishwa kwa gundi, na gundi ya miaka mingi penye unyevu inaachia. Ichokoe pembeni kwa bisibisi, ikinyanyuka hata kidogo tupa, ikibanduka ukiwa mwendoni inaweza kubana tairi la mbele ghafla. Vumbi la humo usilipulize kwa mdomo, lifute kwa kitambaa kibichi, breki za zamani nyingine zina asbesto.

Ukishafunga, kajaribu uwanjani kwanza, mwendo mdogo, mbele peke yake, nyuma peke yake, kisha zote. Mpaka ziridhishe usiende nayo shule.

"Tairi zimekaa miaka ila kashata, yale meno ya tairi, bado nzuri. Nizibadilishe?"

Soma ubavuni, tafuta DOT, namba nne za mwisho ni wiki na mwaka, 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Za hivyo toa. Hata zikiwa mpya zaidi, ukilikunja na kuona nyufa kati ya kashata, toa, pamoja na tyubu.

"Betri imekufa na mpya ni hela. Nikiwasha kwa kiki si inatosha?"

Nyingi za kiki zitawaka bila betri nzima, ila honi na indiketa zitakuwa za kubahatisha. Ichaji kwanza, iache ilale usiku bila kufungwa popote, asubuhi ipime, nzima inakaa karibu volti 12.6, ikiwa chini ya 12 nunua nyingine. Kabla ya hapo usitoke nayo usiku.