Dodoso au mahojiano kwenye tasnifu ya ustawi wa jamii?

Mkuu, umeuliza utumie dodoso, yaani karatasi ya maswali ya kujaza, au mahojiano, na kwamba msimamizi amekurudishia pendekezo la utafiti mara ya tatu. Langu lilirudi mara nne, kwa hiyo sikucheki.

Kosa langu lilikuwa hilohilo: nilichagua chombo kabla ya swali. Mbinu za utafiti nilifaulu kwa kukariri. Fomula ya Yamane, ile ya kukokotoa ukubwa wa sampuli, ilinikaa kichwani kuliko namba yangu ya simu. Kaya 1,000 zikanipa sampuli ya 286, nikajiona msomi. Msimamizi akaniuliza, "Unataka kujua wako wangapi, au wanaishije?" Mada ilikuwa bibi wanaolea wajukuu yatima wilayani Makete. Nilitaka kujua wanaishije. Zile 286 zikafa palepale, nikabaki na bibi 18 na mahojiano ya kina.

Maswali nayo uyajaribu kwanza. Nilikuwa na moja nililolitafsiri kutoka kwenye kipimo cha Kizungu: "Mzigo wa malezi unakulemea kiasi gani?" Bibi wa kwanza aliacha kupukuchua mahindi, akanitazama, akasema kitu kwa Kikinga. Mkalimani akasita. "Anasema mzigo ni kuni. Huyu ni mjukuu wake." Usiku ule nikalifuta, nikaandika: "Nisimulie siku yenu ya jana, tangu mlipoamka." Hapo ndipo yalipotoka yote: unga ulioisha, daftari la kuazima, dawa za mtoto za saa mbili usiku na bibi asiye na saa.

Halafu TASAF, ule mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini. Kijijini, mgeni mwenye kalamu na orodha ya majina anaaminika kaja kuandikisha kaya maskini. Nilikuja kugundua baadaye kwamba mbuzi wawili walihamishiwa kwa jirani kabla sijafika, ili kaya ionekane maskini. Eleza ulichokuja kufanya kabla hujatoa karatasi, rudia mwishoni, na mwenyekiti wa kijiji akishakutambulisha, muombe kwa heshima abaki nje.

Vibali uvianze mapema. Barua ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani, halmashauri, kata, hadi kijijini. Yangu ililala kwenye ofisi moja wiki tatu, mvua zikanikuta na ile milima. Rekodi za mahojiano nazo ziandike kwenye karatasi usiku uleule. Saa moja ya sauti ilikuwa inanila saa sita, na ukilimbikiza utalia.

Lililonikuta vibaya zaidi ni la maadili. Sisi ni watu wa ustawi. Ukikuta mtoto anaumizwa huwezi kusema uko kwenye utafiti. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka yeyote katika jamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Kwa hiyo fomu ya ridhaa iseme wazi kwamba siri ina mpaka, na mpaka wenyewe ni upi. Yangu iliahidi siri tu, basi. Bibi mmoja akanieleza habari za mjomba wa mtoto. Nilikwenda kutoa taarifa, na sijutii, ila niliporudi wiki iliyofuata hakunifungulia mlango. Kwenye tasnifu nikaandika bibi 17.

Weka swali lako la utafiti hapa, sentensi moja tu, tulione. Chombo tutakijua baada ya hapo.