Tofali la 450 lihesabu 470

Wadogo zangu mnaoanza saiti, hasa nyie mnaokabidhiwa futi na ramani siku ya kwanza, naomba mjue hili mapema, tofali halina urefu wake peke yake. Tofali letu la inchi 6 ukilipima unapata kama mili (milimita) 450 urefu kwa 230 kimo, ila ukutani linakaa na udongo wa saruji, na kama jointi yako, yani unene wa huo udongo kati ya tofali na tofali, ni mili 20 basi kwenye hesabu hilo tofali ni 470 na kozi moja, yani mstari mmoja wa tofali, kimo chake ni 250. Kozi 4 ni mita moja kamili, kozi 9 ni 2.25, yani unajua lenta, ile boriti ya juu ya milango na madirisha, itakaa wapi kabla saruji haijashushwa kwenye gari.

Sasa wengi wanakwama hapa. Kipande cha ukuta kati ya madirisha mawili, cha tofali 3, ndani kina jointi 2 tu, kwahiyo 3 mara 470 toa 20, unapata 1390. Nafasi ya dirisha ya tofali hizohizo 3 unajumlisha 20, maana ina jointi na pembeni kote kuwili, inakuwa 1430. Piga plasta mili 15 kila upande, inabaki 1400. Dirisha la 1400 linaingia bila mtu kugonga tofali, fundi wa aluminiamu atapunguza mili chache za silikoni basi. Ukichora 1500 kwa kuwa namba imekaa vizuri kwenye karatasi, mwashi atakuwa anakata vipande kozi baada ya kozi. Na nusu tofali sio 225 jamani, ni 215, kwasababu 215 na 20 na 215 ndo inarudi 450.

Chukueni ubao mnyoofu, chora alama kila 250, usimamishe kila kona ukianzia usawa uleule. Mwashi mmoja akiweka udongo wa 25 badala ya 20, kozi ya 9 ameshapanda mili 45 juu ya mwenzake na lenta hazikutani konani, nimeliona hilo na kulibomoa ni kazi ya siku nzima.

Kilichoniuma mimi zaidi ni tailizi. Vyumba vitatu, vyote mita 3 tofali kwa tofali, nikaona safi, tailizi za sentimita 60 zitaingia 5. Plasta ikala 30, ikabaki 2970, wakati tailizi 5 na nafasi 4 za grauti (ile ya kujazia kati ya tailizi) za mili 2 zinataka 3008. Kila mstari tailizi ya mwisho ikakatwa kama sentimita 4, vumbi la grainda wiki nzima, na kile kipande cha sentimita 4 hakifai popote. Chumba kingekuwa mita 3.05 tungebaki na mili 6 kila upande, skatingi, ule ukingo wa chini ya ukuta, inafunika. Mwenye nyumba alilipia mikato ile na mimi ndo nilikuwa na ramani mkononi tangu msingi.

Kwenye dari nako, jipsamu ya 1200 inataka fremu kila 400 au 600, zote zinagawanyika kwenye 1200. Ukiweka 450 maungio ya bodi yananing'inia hewani. Na msichanganye na plaiwudi ya futi 4, ile ni 1220, bodi 10 kwenye mstari zimeshakusogeza sentimita 20.

Kuna siku namba zitagoma tu, 470 ya tofali na 602 ya tailizi na grauti yake hazielewani kirahisi. Hapo mi nachagua tailizi ikae nzima, tofali ndo ikatwe, ni rahisi zaidi na mkato wake unafichwa na plasta, ila uamuzi huo ufanyike msingi ukiwa bado ni uzi na vigingi.